Ngozi za Kijivu za Amy Sherald

Picha ya Michelle Obama ilipozinduliwa mwaka 2018 katika jumba la National Portrait Gallery, Washington, wengi walinung'unika: mbona hafanani? Michelle tuliyemzoea ana ngozi ya kahawia. Huyu wa kwenye turubai ni wa kijivu. Manung'uniko hayakupunguza foleni. Umati ulizidi mpaka picha ikahamishiwa chumba kikubwa zaidi.

Aliyeichora ni Amy Sherald, mzaliwa wa Columbus, Georgia, mwaka 1973. Kijivu chake hukipata kwa kuchanganya rangi ya mafuta nyeusi na njano ya Naples. Wachoraji wa kale wa Ulaya nao walianza na tabaka la kijivu ili wapange mwanga na kivuli, kisha wakalifunika kwa rangi za ngozi. Sherald huishia kwenye kijivu, na hapo ndipo penye ujasiri wake. Mtazamaji akikosa rangi ya kumhukumia mtu, hana budi kumwangalia machoni.

Kwenye nguo hana ubahili. Gauni la Michelle limetanda sehemu kubwa ya turubai, jeupe, lenye maumbo meusi na vipande vya rangi vinavyokumbusha mablanketi ya viraka ya akina mama weusi wa Gee's Bend, Alabama. Nyuma yake ni buluu tupu. Hakuna pazia, dirisha wala samani. Mchoraji mwoga angejazajaza.

Sifa zilimchelewa. Alipokaribia miaka 40 bado alikuwa akihudumia meza mkahawani. Moyo nao ukamsaliti, na mwaka 2012 akapandikizwa mwingine. Mwaka 2016 alishinda shindano la picha za watu la Outwin Boochever, mwanamke wa kwanza kulitwaa, kwa picha ya msichana mwenye glavu nyeupe na kikombe kikubwa ajabu. Anaowachora wengi hukutana nao tu mitaani. Huwaomba, huwachagulia mavazi na kuwapiga picha mwenyewe, ndipo ashike brashi.

Breonna Taylor hakuwepo wa kuombwa. Polisi walimuua Louisville, Machi 2020, akiwa na miaka 26, na jarida la Vanity Fair likamwagiza Sherald picha ya jalada. Alitafuta mwanamke wa umbo kama la Breonna avae gauni, na kidoleni akachora pete ambayo mpenzi wake alikusudia kumvisha. Mwaka 2021 picha hiyo ilinunuliwa kwa ubia na makumbusho mawili: Speed ya Louisville, na yale ya historia ya Wamarekani weusi jijini Washington.