Sifa ya Mkono Unaojua Kulegeza

Mtu apandapo farasi huwa ameketi juu ya kiumbe mwenye uzito unaofika au kupita kilo 450, mwenye nguvu za kumbwaga chini saa yoyote apendayo, na ambaye hakujaliwa ulimi wa kusemezana naye. Kwa hiyo lolote lipitalo baina yao, la heri au la shari, halina budi kupita katika ngozi, mifupa na pumzi. Ustadi wa kuyafanya mazungumzo hayo kuwa ya amani ndio ninaokusudia kuusifu, na katika matawi yake mengi nalichagua lililochipuka Marekani, liitwalo dresaji ya kimagharibi, ambalo farasi aliyetandikwa seruji nzito ya wachunga ng'ombe hufundishwa daraja kwa daraja, mpaka akatii ishara ambazo mtazamaji aliye kando hazioni.

Chama chake kiliasisiwa mwaka 2010, lakini nasaba yake ni ya kale. Upande mmoja yumo Xenophon wa Athens, ambaye zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliandika kwamba tendo la farasi aliyelazimishwa halina uelewa wala uzuri, na yumo Mfaransa François Robichon de la Guérinière, ambaye katika karne ya 18 alifafanua zoezi la kumwendesha farasi bega lake likiwa limeingizwa ndani kidogo, ili ajipinde ubavuni na kuubeba mwili wake kwa miguu ya nyuma. Upande wa pili wamo wapanda farasi wa Afrika ya Kaskazini walioingia Andalusi, wakiketi kwa vikuku vifupi na kugeuza farasi wepesi kama wapendavyo. Wahispania wakajifunza kwao, wakavuka bahari, na tangu mwaka 1519, Hernán Cortés alipoteremsha farasi Meksiko, ujuzi huo ukasafiri kizazi kwa kizazi hata ukawafikia wachunga ng'ombe wa Kalifonia, nao wakaukamilisha.

Wachungaji wale hawakuwa watu wa pupa. Farasi mchanga hakutiwa chuma kinywani. Alivishwa kwanza puani kitanzi cha ngozi mbichi iliyosukwa, kilichofungwa kamba ya nywele za farasi, akafundishwa kwa hicho mpaka akaelewa. Kisha akavishwa kitanzi chembamba pamoja na lijamu, hatamu zikiwa jozi mbili, ili kinywa kizoee kuibeba lijamu kabla ya kuamriwa kwayo. Na baada ya miaka ndipo alipoachiwa lijamu peke yake, yenye ulimi mrefu wa chuma ambao mkono wa jeuri ungeweza kumjeruhi vibaya. Fahari yao ilikuwa hapo: farasi abebaye chombo kikali namna hiyo, huku hatamu zimelegea na shingo yake imetulia, ni shahidi wa adili wa tabia ya mkono uliomlea.

Na tuutazame kwa karibu mwendo wa hatua, ulio wa pole kuliko miendo yote, wenye mishindo minne. Mguu wa nyuma wa kushoto unapoinuka na kuja mbele, tumbo la farasi huelekea kulia, na nyonga ya kushoto ya mpandaji hushuka kidogo. Huo ndio wasaa wake wa kunena, kwa kuwa mguu uliokwisha kukanyaga na kubeba uzito hauwezi kuitika hata farasi akipigwa kisigino, ilhali ule ulio hewani waweza kusogezwa mbele zaidi au kuvushwa kando. Mjuzi hainami kuutazama. Huutambua kwa nyonga zake, akagusa kwa shavu la mguu wake mguso mwepesi, maana ngozi ihisiyo nzi akitua haihitaji kupigiwa kelele, kisha akauondoa.

Kuuondoa huko ndiko moyo wa sanaa yote. Farasi hafunzwi kwa kubanwa, bali kwa kuachiliwa: anapotafuta njia ya kutoka katika shinikizo, akaipata ile aliyokusudiwa, na papo hapo shinikizo likatoweka, hufahamu kuwa amejibu sawa, lakini likichelewa kutoweka hata kwa nukta moja, huwa amelipwa kwa jambo jingine, ama hakulipwa kabisa, na kesho itabidi abanwe zaidi. Tom Dorrance na Ray Hunt, waalimu wawili wa Marekani ya magharibi waliowabadilisha wengi katika karne ya 20, walisisitiza jambo hilo, wakamtaka mpandaji alifanye tendo jema kuwa jepesi kwa farasi, na kumpa muda wa kulitafuta.

Uwanjani, katika mstatili wa mita 20 kwa 40 au 20 kwa 60, uliowekewa herufi pembezoni, ujuzi huo hupimwa kwa alama toka 0 hata 10: duara la mita 20, mwendo wa matiti wenye mishindo miwili, shoti ya polepole yenye mishindo mitatu, na kusimama. Kusimama kwaonekana kwepesi, kumbe ndiko mtihani. Mpandaji mbovu huvuta hatamu, naye farasi hufumbua kinywa, hukaza mgongo na kusimama shaghalabaghala. Aliye stadi hushusha pumzi, huacha kuufuata mwendo kwa kiuno chake, hufumba vidole kidogo, na farasi husimama sawia juu ya miguu minne, masikio yake yakimgeukia aliye mgongoni.

Atakayeuliza faida ya haya yote, na ajue kwamba farasi aliyefunzwa kujibeba hivyo huweza kuhifadhi mgongo na viungo vyake, akatumika miaka mingi. Naye binadamu hupata elimu adimu ya kuwa na amri juu ya mwingine na kuipunguza kila siku badala ya kuizidisha. Uwezo wa kuumiza umo mkononi mwake wakati wote. Heshima yake ni kwamba farasi hana sababu ya kuukumbuka.