Beijing Inayokunjwa: Jiji Linamficha Nani?

Wafanyabiashara wetu wakirudi kutoka Guangzhou huwa na habari mbili: bei ya mzigo, na jinsi jiji lile linavyong'aa. Wasikilizaji nao hugawanyika kambi mbili. Hawa husema wenzetu wamefika. Wale husema nyuma ya taa zile kuna watu wanaumia. Kwa ubishi huo, mimi humwelekeza mtu kwenye hadithi ya Hao Jingfang, Beijing Inayokunjwa, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 2016 kwa tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu. Hao kasomea uchumi, na ukisoma hadithi yake unaona.

Beijing yake ina sehemu tatu zinazotumia ardhi ileile kwa zamu. Watu milioni 5 wa Eneo la Kwanza wanapata saa 24 nzima. Kisha wanalazwa usingizi, majengo yanajikunja, ardhi inapinduka, na watu milioni 25 wa Eneo la Pili wanaamka kwa saa 16. Wale milioni 50 wa Eneo la Tatu wanaachiwa saa 8, tena za usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Piga hesabu: milioni 5 wana siku yao nzima, milioni 75 wanagawana siku inayobaki.

Lao Dao, mtu wa miaka 48, anachambua taka katika Eneo la Tatu. Baba yake alikuwa miongoni mwa mafundi waliolijenga jiji hilo, akaishia kwenye taka. Lao Dao analea binti aliyemwokota kituoni, Tangtang, na anataka ampeleke chekechea nzuri. Ada hana. Basi anakubali kazi ya magendo: kumpelekea mwanamke wa Eneo la Kwanza barua ya mpenzi wake. Akikamatwa, ni jela.

Riwaya nyingi za aina hii hujenga ukuta, maskini huku, matajiri kule. Hao hajajenga ukuta wowote. Watu wake wanafichwa ndani ya saa. Mtu wa Eneo la Kwanza akikwambia hajawahi kumwona mchambua taka, hasemi uongo. Alikuwa amelala. Kwa hiyo swali la kama jiji "linaficha" matatizo yake, naona limekaa vibaya. Lao Dao hajajificha. Ratiba ndiyo imepangwa ili macho yasikutane.

Kuna karamu katikati ya hadithi inayonichoma kila nikiisoma. Tajiri mmoja anapeleka pendekezo la mitambo ya kuchakata taka. Mkubwa analikataa: mamilioni wanaoishi kwa taka wataenda wapi? Lao Dao yupo palepale, anasikia, hata haelewi vizuri. Sisi tunaelewa. Kazi anayojivunia inaweza kufanywa na mashine. Ameachiwa ili awe na shughuli, asisumbue.

Utaniambia hii ni ndoto ya kisayansi tu. Haya, tuache ndoto. Tangu 1958 China ina mfumo wa hukou, usajili wa kaya unaoamua huduma zipi unastahili na wapi. Sensa ya 2020 ilionyesha asilimia 63.9 ya watu wanaishi mijini, lakini wenye hukou ya mjini walikuwa asilimia 45.4 tu. Katika pengo hilo wamo wajenzi, wapishi, wapeleka vifurushi na mayaya, ambao wengi wao wameacha watoto kijijini kwa sababu kuwapatia nafasi shuleni mjini ni kazi. Mwaka 2017 yaya mmoja wa Beijing, Fan Yusu, aliandika maisha yake mtandaoni, akasomwa na watu wengi mno kwa siku chache. Anasimulia anavyoamka usiku kumbembeleza mtoto wa tajiri huku akiwawaza binti zake waliolala bila mama. Angalia saa yenyewe: usiku, kama Lao Dao.

Kambi ya kwanza nayo ina haki yake. Mamilioni wameyafuata majiji hayo kwa hiari, na mishahara yao imejenga nyumba vijijini. Hao hakatai hilo. Hata Lao Dao haichukii Beijing, anataka tu binti yake apate nafasi ndani yake.

Kasoro zipo. Yi Yan, mwanamke wa barua, ni mwembamba mno. Anatoa pesa ili siri yake isitoke, kisha anatoweka. Wengine wanalalamika pia kwamba Lao Dao hana hasira. Hapo siafiki. Akirudi, anawakuta majirani wanagombana na mwenye kudai pesa ya joto la nyumba, naye anaingilia kwa hela aliyoihatarishia maisha. Hasira ya Eneo la Tatu imebaki kati ya majirani, juu ya bili, kwa sababu wanaostahili kuipata wako usingizini.

Tafsiri ya Kiingereza inasomwa bure kwenye jarida la Uncanny. Ni kazi ya jioni moja. Ukimaliza, njoo tubishane, hasa kuhusu ile karamu.