Bembea ya Mwanga

Asubuhi ya baridi kule Ngara, nyosha kiganja juu ya jiko la mkaa. Ngozi itasikia mwanga ambao jicho halina habari nao. Kaa jekundu hutoa mawimbi yenye nguvu zaidi karibu na mikromita 3, na mwili wako mwenyewe karibu na 9. Hiyo ndiyo infraredi ya kati, nayo imetuzunguka bure, ila imechanganyika kama kelele za gulio. Fundi wa leza anataka sauti moja tu, tena aweze kuipandisha na kuishusha.

Leza nyingi za kawaida haziimbi chini kiasi hicho. Kinachomsaidia fundi ni fuwele. Mwaka 1961, Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha mwanga wa leza ya yakuti kwenye kwatzi, ukatoka na mwanga mwingine wenye mawimbi mafupi kwa nusu. Husimuliwa kwamba jarida lililochapisha picha yao lilifuta kile kidoa cha ushahidi, likidhani ni uchafu! Mwaka 1965 wanafizikia Giordmaine na Miller wakafuata njia ya kinyume: wimbi moja waliligawa mawili ndani ya fuwele ya niobeti ya lithi, na walipobadilisha joto la fuwele, rangi ikahama.

Watoto wa Biharamulo wanaijua kanuni inayokuza mawimbi hayo mawili bila kufundishwa. Aliyesimama kwenye bembea huchuchumaa na kuinuka mara mbili kila bembea inapokwenda na kurudi, ikazidi kupaa pasipo msukumaji. Ila ikiwa imetulia tuli, haianzi. Mwanga nao huanzia kwenye mtikisiko mdogo mno, kisha vioo viwili vinaurudisharudisha ndani ya fuwele hadi ukue.

Mgao wa nishati hauna dhuluma. Wimbi mzazi la mikromita 1.064 likimzaa mtoto mmoja wa 1.55, wa pili huwa wa 3.39, si vinginevyo. Kwa kuwa mawimbi hayo hupotezana hatua njiani, fundi hupindua mpangilio wa fuwele kila baada ya mikromita kama 15, juu, chini, juu, chini, kama msusi wa mkeka. Unywele mmoja ni mnene kuliko msuko huo. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wenyewe. Leza ni kuni tu.

Jirani na hiyo 3.39 ndipo methani inapomeza mwanga, gesi ileile ya Ziwa Kivu na ya mabwawa ya mafunjo kando ya Mto Kagera. Na mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Glasgow walionyesha kuwa infraredi ya kati inaweza kukisia aina na umri wa mbu. Chanzo chao hakikuwa leza. Kilikuwa ndugu wa lile kaa la jikoni. Lakini umri ni jambo kubwa, maana kimelea cha malaria huhitaji siku kama kumi ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza.

Atakayeleta leza ya fuwele Biharamulo aje nayo wakati wa masika. Mbu watakuwepo.