Krismasi kama Kibwagizo cha Maombolezo

Jioni ya tarehe 26 Desemba 2015, siku moja baada ya Krismasi, kimbunga kikali cha tonado kilipiga eneo la Garland, kaskazini-mashariki mwa Dallas, kikaua watu 10. Wengi wao walikuwa ndani ya magari barabarani. Kwa waliofiwa, sikukuu na kumbukumbu ya msiba zimekaa ubavu kwa ubavu katika kalenda tangu hapo. Makanisa mengi ya Marekani huandaa ibada ya wafiwa karibu na tarehe 21 Desemba, usiku mrefu kuliko yote wa mwaka. Je, desturi inayorudi kila mwaka humfariji mfiwa, au humtonesha kidonda?

Alfred Tennyson alilikabili swali hilo katika In Memoriam (1850), shairi refu la kumwombolezea rafiki yake Arthur Hallam, aliyefariki Vienna mwaka 1833. Krismasi tatu ndizo nguzo zake. Katika ya kwanza, nyumba inapambwa kwa mazoea na michezo inachezwa kwa furaha ya kujilazimisha, mpaka unapoimbwa wimbo ulioimbwa pamoja na marehemu mwaka uliotangulia. Hapo machozi yanapata njia. Katika ya pili michezo ni ileile, wala hakuna anayelia. Mshairi anashtuka, akijiuliza kama huzuni nayo hufa. Anajibu kwamba haikufa, bali imezama ndani zaidi. Katika ya tatu familia imehamia ugenini, kengele si zile walizozizoea, na mapambo hayachumwi.

Wapo wanaolisoma shairi hili kama ngazi ya kutoka kwenye huzuni hadi kwenye tumaini. Usomaji huo unairukia Krismasi ya tatu, ambamo desturi yenyewe imekatika. Faraja ya shairi haitokani na kusonga mbele tu. Inatokana na kulinganisha. Kwa kuwa desturi haibadiliki, mfiwa huona ni kiasi gani yeye amebadilika.

Ushairi wa Kiswahili una jina la kitu hiki: kibwagizo. Katika tanzia ya Shaaban Robert kwa mkewe Amina, ubeti baada ya ubeti hurejea kwenye kituo kilekile. Maneno ni yaleyale, lakini kila yanaporudi yamebeba uzito wa yote yaliyosemwa kabla yake. Krismasi ya mfiwa hufanya kazi hiyo katika mwaka.

Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka. Matanga huanuliwa na arobaini hufika, ndipo jamii ikamruhusu mfiwa kurudi kazini na sokoni. Krismasi haina siku ya kuanuliwa. Tena Tennyson aliomboleza katikati ya ndugu zake. Wimbo ule ulihitaji sauti zaidi ya moja. Aliyebaki peke yake hana wa kumwitikia, na kwake mapambo yaleyale yaweza kuwa adhabu.

Hapo ndipo thamani ya ibada ya usiku mrefu inapoonekana. Haimdai mfiwa furaha, wala haimwulizi amekwisha kulia au bado. Inampa waitikiaji, japo ni watu asiowajua, wenye misiba yao wenyewe. Kibwagizo hakikuumbwa kiimbwe na mtu mmoja.