Kioo cha Nyuma cha Beetle: Kazi Iko Kwenye Bati

Volkswagen Beetle ya 1967 iliingia gereji na ugonjwa wa rika lake: mvua ikinyesha, zulia nyuma ya kiti linalowa. Mwenyewe alikuwa amezungushia kioo silikoni, tabaka juu ya tabaka, na hapo ndipo alipoharibu zaidi. Silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huchochea kutu. Tena maji yakishapenya juu, silikoni ya chini huyafungia ndani. Katika Beetle huishia chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, ambako betri imekaa.

Kukitoa kioo hakukuwa na ufundi mwingi. Mpira ulishakauka, kwa hiyo fundi aliukata kwa kisu mdomo wa nje, mwenzake akasukuma kutoka ndani. Wako wanaohangaika na bisibisi ili kuuokoa mpira wa zamani. Ni hasara tupu, kwa sababu chuma kikigonga ukingo wa kioo hiki cha nyuma, chote humwagika chini punje punje.

Kazi yenyewe ilianza baada ya hapo. Kwenye pembe za chini kutu ilishakula bati. Fundi alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akachomelea kipande kipya palipotoboka, akapaka praima ya zinki, kisha rangi, na kuacha ikauke kabisa. Mpira ukivishwa juu ya rangi mbichi huibandua. Wengi huiruka kazi hii ya bati kwa kuwa mteja haioni. Kwangu mimi ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya malipo.

Mpira mpya una mifereji miwili, mmoja wa kioo na mwingine wa ukingo wa bati. Ulianikwa juani kwanza ulainike, ukavishwa kioo juu ya meza, na utepe wa alumini ukachomekwa hapo hapo. Kioo kikishakaa kwenye gari, kuuingiza utepe ni vita. Kamba ya nailoni ikalazwa ndani ya mfereji wa bati kuzunguka kioo chote, ncha zikapishana chini katikati. Kilainishi kilikuwa maji ya sabuni. Grisi haifai, huvimbisha mpira. Mmoja akakandamiza nje kwa viganja, mwingine ndani akaivuta kamba taratibu kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa mpira ukawa unapanda juu ya bati kidogo kidogo, kwanza chini, halafu pembeni, mwisho juu.

Gamu isiyokauka ilipakwa mwishoni, kwa nje tu, kati ya mpira na bati. Majaribio ya maji yalianzia chini kwenda juu. Ukianza juu hutajua yanapoingilia.

Kama Beetle yako inanuka unyevu nyuma, inua kiti, toa betri, uikague sakafu yake kabla hujaenda kununua mpira.