Daftari Ndani ya Diski: Kompyuta Zinapozimika Ghafla Masisi na Walikale

Mfumo wa faili ndio unaoiwezesha kompyuta kujua faili ipi imelala wapi kwenye diski. Diski peke yake haijui faili wala folda. Inajua bloku zenye namba tu, mamilioni kwa mamilioni. Kuhifadhi ripoti ya kurasa mbili kunagusa sehemu kadhaa zilizo mbalimbali: ramani ya bloku zilizo wazi, inodi inayobeba ukubwa na anwani za faili, orodha ya folda, na bloku za maandishi yenyewe. Diski haiwezi kuziandika zote kwa mpigo mmoja. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ramani huweza kusema bloku fulani imeshikwa huku folda haina habari nayo. Baya zaidi, faili mbili huja kudai bloku moja.

Katika teritori za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, kukatika huko ni jambo la kila wiki. Sehemu kubwa ya milima ya Masisi na misitu ya Walikale haina nyaya za umeme, na ofisi pamoja na vituo vya afya hutegemea sola, betri na jenereta. Siku mbili za mvua zikifuatana, inveta hukata bila kuaga. Mafuta yakiisha, jenereta hunyamaza mtu akiwa bado anaandika. Masisi ina zoni nne za afya, yaani Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi; Walikale nayo ina nne, Walikale, Itebero, Kibua na Pinga. Ripoti za mwezi za vituo hufika ofisi kuu ya zoni zikiwa karatasi, kisha huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Kongo huitumia kwa takwimu zake za afya. Kati ya karatasi na mtandao kuna kompyuta, faili za Excel na flashi zinazopita mkono hadi mkono. Hapo ndipo data hupotelea.

Laptopu ina afadhali, kwa kuwa betri yake huipa muda wa kujizima kwa utaratibu. Lakini betri huchoka, na chaji ya kubabaisha huichosha mapema. Laptopu yenye betri iliyokufa ni kompyuta ya mezani yenye kifuniko, basi.

Zamani dawa ya kuzimika ghafla ilikuwa ukaguzi. Mfumo wa ext2, uliotoka mwaka 1993 na kutumika katika Linux kwa miaka mingi, haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kazi iliyokuwa ikiendelea. Kompyuta ikiwaka tena, programu ya fsck ililazimika kupita diski nzima, inodi kwa inodi, ikilinganisha ramani na hali halisi. Kazi hiyo hurefuka kadiri diski inavyokua. Mahali ambapo jenereta ina mafuta ya saa mbili, sehemu nzuri ya saa hizo ingeishia kwenye ukaguzi, na kama mafuta yangeisha kabla haujakamilika, ungeanza upya kesho yake.

Wazo la kuweka daftari, yaani kuandika kando mabadiliko yanayokusudiwa kabla ya kuyafanya, lilitoka kwenye hifadhidata. IBM iliingiza JFS katika AIX mwaka 1990, Microsoft ikatoa NTFS mwaka 1993, na XFS ya Silicon Graphics ikafuata mwaka 1994. Upande wa Linux, Stephen Tweedie alieleza mwaka 1998 jinsi ext2 inavyoweza kuongezewa daftari bila kubadilisha umbo lake diskini. ReiserFS ilitangulia kuingia katika keneli, yaani kiini cha Linux, Januari 2001, na ext3, tunda la kazi ya Tweedie, ikaingia Novemba mwaka huohuo. Mrithi wake, ext4, ilihesabiwa kuwa imekomaa Desemba 2008.

Kanuni yenyewe muuguzi yeyote wa kituo cha afya anaijua, ingawa haiiti hivyo. Mgonjwa akiingia, huandikwa kwanza kwenye rejista, mstari kwa mstari. Jumla za mwezi hutolewa humo baadaye. Karatasi ya jumla ikilowa njiani kutoka Nyabiondo kwenda Masisi, rejista hufunguliwa na hesabu hufanywa upya. Kinachookoa ni mpangilio: rejista kwanza, jumla baadaye. Angeandika jumla kwa kichwa kisha akajaza rejista jioni, mvua ingemwacha bila kitu.

Tuseme sasa mhudumu anahifadhi faili mpya ya wagonjwa wa malaria kwenye diski yenye ext4. Maandishi yake kwanza hukaa kwenye kashe ya RAM tu. Wakati wa kuyashusha ukifika, maandishi huandikwa kwenye bloku zake diskini. Kisha mabadiliko ya inodi, ramani na folda hukusanywa kuwa muamala mmoja, na nakala zake huandikwa kwenye daftari, eneo maalumu ambalo hata kwenye diski kubwa za leo kwa kawaida halizidi gigabaiti 1. Mwisho huandikwa bloku ndogo ya kufunga muamala, ambayo ni kama sahihi chini ya ukurasa. Baadaye tu, kwa nafasi yake, mabadiliko hupelekwa mahali pake pa kudumu, na nafasi iliyokuwa imeshikwa daftarini hutumika upya.

Umeme ukirudi, mfumo husoma daftari. Muamala wenye sahihi hurudiwa wote. Usio na sahihi hupuuzwa kana kwamba haukuwahi kuanza. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, kwa sababu ukubwa wa daftari ndio unaohesabika, diski iwe na gigabaiti 100 au terabaiti 4.

Wengi husikia maelezo hayo wakaelewa kwamba faili zao sasa ziko salama. Sivyo. Katika hali ya kawaida ya ext4, inayoitwa ordered, kinachoingia daftarini ni metadata peke yake. Yaliyomo huandikwa moja kwa moja mahali pake. Ahadi pekee ni kwamba yatatangulia metadata yake. NTFS nayo huweka daftari la metadata, na ahadi yake kuhusu yaliyomo ni ndogo zaidi. Faili ya zamani ikiandikwa juu yake yenyewe na umeme ukakatika nusu, mfumo utawaka safi bila kosa hata moja, na faili itakuwa nusu ya Machi, nusu ya Aprili.

Masisi wanalo jambo la kufanana na hilo, nalo liko machimboni. Chini ya ITSCI, mpango wa kufuatilia asili ya madini, gunia la koltani lilipimwa, likafungwa lebo yenye namba, na namba hiyo ikaandikwa daftarini. Kwenye ghala la mfanyabiashara likafungwa lebo ya pili. Daftari hilo linaweza kuthibitisha kwamba gunia la namba fulani, lenye uzito fulani, lilipita siku fulani. Jiwe lililomo lilichimbwa wapi, namba haisemi. Shirika la Global Witness lilidai mwaka 2022 kwamba mawe ya migodi mingine yalipitishwa kwa lebo hizo, na ITSCI ikakanusha. Bila kuamua nani mkweli, ugomvi wenyewe unaonyesha mpaka wa daftari la metadata: hulinda hesabu ya magunia, na kilicho ndani ya gunia kinahitaji ulinzi wake.

Ext4 ina hali nyingine, data=journal, ambayo huingiza hata yaliyomo daftarini. Gharama yake ni kuandika kila kitu mara mbili, na kwa kazi nyingi wachache huichagua. Njia iliyozoeleka ni programu yenyewe kujihadhari: kuandika faili mpya pembeni, kuamuru kwa fsync ishuke diskini kweli, kisha kuibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Kubadilisha jina ni muamala mmoja wa metadata, kwa hiyo baada ya ajali hupatikana faili ya zamani kamili au mpya kamili.

Programu zilizoruka hatua ya fsync ziliadhirika mwanzoni mwa 2009. Ext4 huchelewesha kuchagua bloku ili izipange vizuri, na maandishi huweza kukaa kwenye RAM kama nusu dakika, tofauti na ext3 iliyoyashusha kila sekunde 5 hivi. Watumiaji wa Ubuntu ya majaribio walizimikiwa na kompyuta, wakawasha, wakakuta faili zenye urefu wa sifuri. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alishikilia kwamba kosa ni la programu, na kwa mujibu wa kanuni za POSIX alikuwa sahihi. Hata hivyo aliongeza kinga katika keneli 2.6.30, inayotambua mtindo wa kubadilisha jina na kushusha maandishi kwanza. Uamuzi huo wa pili ulikuwa na manufaa kuliko hoja ya kwanza, kwa sababu aliyepoteza ripoti hakuwa yeye aliyeandika programu.

Programu zenye kujali huweka daftari lao juu ya daftari la mfumo wa faili. Programu ya DHIS2 ya simu za Android, ambayo hutunza data hadi mtandao upatikane, hutumia hifadhidata ya SQLite, na SQLite ina daftari lake. Seva za DHIS2 hutumia hifadhidata ya PostgreSQL, yenye daftari tangu 2001. Hata huko kulikuwa na tundu. Mwaka 2018 iligundulika kwamba diski ikishindwa kuandika, Linux ilitoa taarifa ya kosa mara moja tu. PostgreSQL ikiuliza tena, ilijibiwa kwamba mambo ni shwari. Tangu matoleo ya Februari 2019, PostgreSQL ikikutana na kosa hilo hujiangusha yenyewe na kurudia kazi kutoka daftarini.

Chini ya yote kuna kifaa. Daftari hudhani kwamba diski ikisema imeandika, imeandika, na kwamba bloku ambazo hazikuguswa zimebaki zilivyo. Kwenye SSD, flashi na kadi za kumbukumbu dhana ya pili si ya kuaminika, kwa kuwa chipu hufuta na kupanga upya maeneo makubwa kwa mkupuo. Watafiti waliokata umeme makusudi kwenye SSD 15 za aina mbalimbali walitangaza mwaka 2013 kwamba 13 zilionyesha hitilafu, na baadhi zilipoteza data iliyokwisha kuandikwa. Flashi ina udhaifu wa ziada: mara nyingi huja na FAT32 au exFAT, mifumo isiyo na daftari kabisa. Ripoti ya zoni nzima husafiri ndani ya chombo ambacho kikichomolewa kabla ya wakati hakina pa kurejea.

Patisheni, yaani sehemu ambazo diski moja hugawanywa, ni ulinzi wa aina nyingine. Daftari hushughulikia ajali ya sekunde moja, nazo patisheni huamua madhara yaenee mpaka wapi. Kompyuta yenye patisheni moja ikiharibika mfumo endeshi, fundi hulazimika kuusakinisha upya juu ya data. Ikiwa mfumo uko kwenye C na kazi ziko kwenye D, au katika Linux folda ya /home ina patisheni yake, ya kwanza hufutwa na ya pili haiguswi. Seva ya hifadhidata hupewa patisheni yake ili kumbukumbu za matukio zikifurika zisiizibe pumzi. Familia ya ext huweka akiba ya asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi, ili diski ikijaa kwa watu wote yeye bado apate pa kufanyia kazi. Kwenye patisheni ya data tupu akiba hiyo hupunguzwa kwa tune2fs.

Orodha ya patisheni nayo ina udhaifu wake. Katika mpango wa zamani wa MBR, yote hukaa kwenye baiti 64 za sekta ya kwanza, nafasi nne, bila nakala. Sekta hiyo ikiharibika, diski huonekana tupu ingawa data yote ipo, na programu kama TestDisk huweza kuitafuta mipaka na kuiandika upya. Mpango wa GPT huweka nakala ya pili mwishoni mwa diski pamoja na hesabu ya kuhakikisha usahihi, na ndio unaofaa kuchaguliwa kwenye diski mpya.

Kazi ya hatari kuliko zote ni kusogeza mwanzo wa patisheni. Daftari liko ndani ya patisheni. Patisheni yenyewe ikihamishwa, hakuna daftari linaloandika uhamisho huo. Programu hunakili bloku zote, mojamoja, kwa saa nyingi, na umeme ukikatika, nusu ya data iko mahali papya na nusu iko pa zamani. Ext4 yenye daftari zima haisaidii kitu hapo. Kwa jenereta au sola, kazi hiyo haifanywi. Data huhamishiwa diski nyingine, patisheni huundwa upya, data hurudishwa.

Kuna pia kasoro ndogo inayowasumbua mafundi kuliko inavyostahili. Kompyuta iliyokaa bila umeme muda mrefu, betri ndogo ya saa ikiwa imekufa, huwaka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Ext4 huweka tarehe ya mara ya mwisho kufunguliwa, na fsck za zamani zikikuta tarehe hiyo iko mbele ya saa ya kompyuta, zilisimamisha uwashaji zikidai mfumo una kosa. Diski nyingi nzima zimeshukiwa kwa sababu ya betri hiyo ya ukubwa wa sarafu.

Diski iliyoharibika kweli hutambulika kwa makosa ya kusoma, ambayo daftari halina uwezo nayo. Fsck hurekebisha kwa kuandika, na kwenye diski inayokufa kila maandishi huongeza hasara. Kwa hiyo diski hufunguliwa bila ruhusa ya kuandikwa, nakala ya bloku zote hutolewa kwa ddrescue, ambayo huruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, na fsck huendeshwa juu ya nakala hiyo.