Milisekunde Zinazoitupa Roboti Nje ya Ulingo

Kabla ya mechi ya kirafiki ya roboti za sumo, zile ndogo zinazoundwa na vilabu vya wanafunzi, gumzo huwa moja: mota. Nani kaweka kubwa, nani kapata yenye gia za chuma. Mechi zikianza, roboti nyingi hazisukumwi na yeyote. Zinatoka zenyewe.

Mchezo huu ulianzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1980 chini ya kampuni ya Fuji Software, kwa roboti za kilo 3. Daraja dogo, ambalo vilabu vingi hulimudu, lina masharti machache. Roboti isizidi sentimita 10 kwa 10 ikitazamwa kutoka juu, wala gramu 500. Kimo ni hiari yako. Ulingo ni duara jeusi lenye kipenyo cha sentimita 77, na ukingoni umezungushiwa mstari mweupe wa sentimita 2.5. Mwamuzi akiruhusu, roboti inakaa kimya sekunde 5, kisha inapambana yenyewe bila rimoti. Inayogusa chini nje ya ulingo imepoteza pointi. Mwenye pointi 2 ndani ya dakika 3 ameshinda.

Tuanze na mota, maana huko ndiko pesa zinakoishia. Roboti ya gramu 500 hukandamiza ulingo kwa kani ya nyutoni 4.9. Tukichukulia tairi la silikoni lina kizio cha msuguano cha 1, basi hata uzito wote ukiwa juu ya magurudumu yanayoendeshwa, roboti haiwezi kusukuma kwa zaidi ya nyutoni hizo 4.9. Sasa chukua mota mbili ndogo, kila moja ikiwa na nguvu ya mzunguko ya kilo-sentimita 0.5 inapokabwa, uzifunge magurudumu ya kipenyo cha milimita 32. Kwa pamoja zinatoa nyutoni 6 na ushei. Tayari zimelipita tairi. Ukiweka kubwa zaidi, magurudumu yatazunguka palepale huku roboti ikirudishwa nyuma.

Palipo na faida ni kwenye bapa la mbele. Bati jembamba, lililonyooka na linaloparaza ulingo, likipenya chini ya mpinzani humnyanyua kidogo, na sehemu ya uzito wake inahamia kwako. Magurudumu yako yanapata mshiko, yake yanaupoteza. Ndiyo maana timu makini hutumia muda mrefu kupiga tupa bati kuliko kuchagua mota.

Lakini bapa halina kazi kama roboti haijui ulingo unaishia wapi. Vihisi vya mstari, vinavyomulika chini kwa mwanga wa infraredi na kupima unaorudi, hufungwa mbele. Juu yake vilabu vingi huweka HC-SR04, kile kihisi cha bei nafuu chenye macho mawili, kinachomtafuta mpinzani kwa mwangwi. Programu ya mwanafunzi anayeanza hufanya hivi: inatuma sauti, inasubiri mwangwi, ndipo inasoma mstari. Inaonekana ni sawa. Tatizo ni pale mbele panapokuwa patupu. Mwangwi usiporudi, kihisi hicho hukaa takriban milisekunde 38 kabla ya kukata tamaa, na programu nzima inakaa nacho ikingoja.

Mota ya mizunguko 500 kwa dakika yenye gurudumu lilelile la milimita 32 huipeleka roboti karibu sentimita 84 kwa sekunde. Ndani ya milisekunde 38 imekwenda zaidi ya sentimita 3. Mstari mweupe una 2.5. Roboti imeuvuka wote ikiwa inasubiri jibu, na kihisi kinapokuja kusomwa kimeshaning'inia nje ya ulingo, mahali ambapo hakuna uso wa karibu wa kurudisha mwanga. Kwa programu, kutorudi kwa mwanga maana yake ni rangi nyeusi. Roboti inaamini iko katikati, inaongeza mwendo, inaanguka.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Amri ya kungojea mwangwi iwekewe kikomo cha milisekunde 5. Kwa muda huo sauti inakwenda na kurudi kutoka umbali wa sentimita 85 hivi, wakati ulingo mzima ni 77; kungoja zaidi ni kumtafuta mpinzani miongoni mwa watazamaji. Pia mstari usomwe kabla ya kila hatua nyingine, ikiwemo ndani ya zile amri za kurudi nyuma na kugeuka, ambako wanafunzi hupenda kuilaza programu kwa nusu sekunde nzima.

Kosa la pili huonekana roboti mbili zikishikana. Mota zilizokabwa hunyonya mkondo mkubwa kuliko wakati wowote. Betri ya mraba ya volti 9, ile ya redio na vipima umeme, haiumudu. Volti zinaporomoka, bodi ya Arduino inayoendesha programu inajizima na kujiwasha upya. Ikishawaka, inafanya ilichofundishwa kufanya mwanzoni: inasubiri sekunde 5. Mashabiki wanadhani roboti imeungua. Kumbe inatii kanuni za mchezo huku ikiburutwa nje.

Draiva, kifaa kinachoipa mota umeme kwa amri ya bodi, nayo inachangia. L298N, ambayo karibu kila duka la vifaa huuza kwa wanafunzi, humeza volti 2 hivi njiani. Ukiwa na betri ya litiamu ya volti 7.4, mota zinaambulia 5 na kitu, kilichobaki ni joto. TB6612FNG ni ndogo, nyepesi, na upotevu wake ni sehemu tu ya huo.

Mambo mengine mechi ya mazoezi yenyewe huyafichua upesi. Jua la dirishani lina infraredi, kwa hiyo viwango vya vihisi vya mstari vilivyopimwa usiku bwenini havifai mchana ukumbini. Vumbi la ulingo huua mshiko, na tairi zifutwe kila baada ya raundi. Ila zisipakwe kitu cha kunata: kanuni humruhusu mwamuzi kuiweka roboti juu ya karatasi ya A4 na kuinyanyua, na karatasi ikigandia, roboti haichezi.

Kabla ya kwenda kwenye mechi, isimamishe roboti yako ikiwa imekita pua ukutani, iache isukume kwa sekunde 10, utazame taa ya bodi. Ikizimika na kuwaka tena, pesa uliyoitenga kwa mota mpya inunulie betri na draiva.